Shukrani kwa Baron

Delmus Pruitt, mpiga gitaa la besi, alijigamba kwamba anaweza kuua wimbo wowote kwa kidole kimoja, tena bila kuvua koti.

Koti alikuwa nalo kweli. Studio ya Bwana Sills ilikuwa chini ya nyumba yake, hapo Detroit, na hita ya huko chini ilikohoa kama mzee wa kanisa anayetaka atazamwe, kwa hiyo ilizimwa kila waliporekodi. Januari nzima wapigaji walipuliza vidole. Upande wa pili wa kioo, kwenye chumba cha mitambo, Bwana Sills alikuwa na hita yake, isiyokohoa, na mbwa wake Baron amejinyoosha juu ya zulia.

Asubuhi moja santuri waliyorekodi mwaka uliopita ilifika. Besi zote humo alipiga Delmus, na Bwana Sills alikuwa amemwahidi jina nyuma ya jalada. Mama yake Delmus alishang'oa kalenda ukutani, nafasi ya jalada iwe tayari. Delmus alisoma kuanzia juu. Jina la mwimbaji. Jina la Sills, tena na tena. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: shukrani kwa Baron, kwa ulinzi wake.

"Wewe hujabweka vya kutosha," alisema Cleotha, mpiga ngoma.

Delmus hakucheka. Aliuliza jina lake liko wapi, na sauti ya Sills ikamjibu kutoka kwenye spika.

"Delmus, mwanangu, nani anasikiliza besi? Haya, tuanze."

Wimbo wa siku hiyo ulikuwa wa Verdell Hines, binti aliyetoka kukunja mashuka hotelini. Aliambiwa wazi kwamba wimbo ukianguka, anarudi kwenye mashuka yake. Delmus aliyasikia hayo kama wengine. Cleotha alipoinua vijiti kuhesabu, Delmus alimwinamia, akamnong'oneza neno. Wakaanza.

Kabla ya kiitikio palikuwa na mahali ambapo vyombo vyote vinanyamaza ili mwimbaji avute pumzi. Hapo hapo Delmus alitazama kioo, akapiga noti isiyo ya wimbo ule, nzito na mbaya, akaiburuta kwenye uzi mpaka chini kama gunia la maiti.

Verdell alishtuka. Badala ya pumzi kuingia, kilio kifupi kikamtoka, na kiitikio akakiimba kama mtu anayekimbizwa.

Delmus alingoja kufokewa.

"Huo huo tunautoa," alisema Sills. "Nendeni mkale."

Kufikia kiangazi jiji zima lilikuwa na ule wimbo. Kwa kinyozi watu walishika mkono wa kinyozi asinyoe, wangoje ile noti, kisha wote waivume kwa pamoja. Delmus aliwaambia ni yake. Wakamwomba alete jalada. Jalada halikumtaja. Baron alitajwa tena.

Ndipo mtangazaji wa redio akaja studio na mashine yake ya tepe, akauliza habari za noti iliyowatia watu wazimu.

"Ile noti ni yangu," alisema Sills. "Niliivuma kwa mdomo, wao wakaifuata."

Delmus alisimama.

"Niliipiga mimi. Mama yangu alikuwa akiivuma jikoni, kule Alabama, akikaanga kambare. Niliiweka pale makusudi, ili Verdell apate pa kurukia."

Mtangazaji akamgeuzia kipaza sauti. Kwa mara ya kwanza chumba kizima kilikuwa kinasikiliza besi.

Verdell alikuwa kwenye kigoda chake, amevaa gauni la kampuni ya Sills na viatu vya kampuni.

"Kaka Delmus," alisema polepole, "mimi nilikuwa na hedifoni masikioni. Kipaza sauti chako kilikuwa wazi. Ulimwambia Cleotha, 'Huu wimbo leo nauzika.'"

Delmus alimtazama Cleotha. Cleotha alikuwa anakaza ngozi ya ngoma ambayo ilishakazika.

"Uliuzika na mimi ndani," alisema Verdell. "Ulijua ningerudi wapi."

Mtangazaji aliuliza kama maneno hayo yabaki. Sills hakukasirika. Alimkuna Baron nyuma ya sikio.

"Rudisha nyuma kidogo, turekodi juu yake," alisema.

Tepe ikarudi ikilia kama panya, ikampita Verdell, ikampita Delmus na kambare wa mama yake, ikasimama pale Sills aliposema, "Ile noti ni yangu."