Ameitwa Mara Tatu

Mahakama ile ilikuwa na mwanamume mmoja ambaye riziki yake yote ilitoka kooni. Kazi yake ilikuwa kuita. Shauri likifika, anatoka, anasimama kwenye ngazi, anavuta pumzi, anataja jina la mwenye shauri mara tatu, kisha anarudi ndani kumwambia hakimu kama mtu ameitika au la. Basi. Lakini aliifanya kwa madoido ya bwana harusi. Sauti yake ilivuka uwanja, ikaruka ukuta, ikaingia kwenye vibanda vya ng'ambo ya barabara, na watu waliokuwa wakinywa chai huko, wasio na kesi wala ndoto ya kesi, wakajikuta wamesimama. Ndiyo maana wakamwita Tarumbeta, na jina la kwenye kitambulisho likabaki la siku ya mshahara.

Kisha ukaja ugonjwa. Ikatoka amri watu wabaki majumbani. Maduka yakafungwa, shule zikafungwa, hata midomo ikafungwa kwa barakoa. Mahakama peke yake ikatangaza kwamba haki haifungwi. Tangazo hilo lilibandikwa getini, juu kidogo ya karatasi nyingine iliyosema msiingie.

Haki iliendelea hivi. Hakimu alibaki kwake, akawa anatokea kwenye kioo cha kompyuta kilichowekwa pale pale penye kiti chake na kuinuliwa kwa mafaili ya zamani, ili uso wake usije ukawa chini ya watu. Mawakili nao walitokea kwenye visanduku vidogo, nyuma yao mapazia, makabati ya vitabu, na siku moja mke wa mtu amebeba beseni. Chumbani walibaki wawili: karani, mwanamke mwembamba mwenye ulimi wa wembe, ambaye ndiye aliyeijua kompyuta, na Tarumbeta. Mtu asiye na simu ya maana aliruhusiwa kuja mwenyewe, aitwe, aingie, azungumze na kioo.

Kwa hiyo Tarumbeta aliendelea kuita. Sheria haikuuliza kama nje kuna watu au kuna paka. Mwanzoni aliita kama zamani, akinyamaza kidogo baada ya kila mwito, sikio juu. Hakuna. Kesho yake, hakuna. Wengi walikwama kwenye vizuizi vya barabarani, wengine waliogopa, wengine hata hawakujua kwamba mahakama bado ipo. Na mazoea yana taabu, jamani. Mwito wa kwanza akawa anautoa akiwa kwenye ngazi, wa pili akigeuka, wa tatu akiwa ameshaipa nje mgongo. Kisha ndani: "Ameitwa mara tatu, mheshimiwa. Hakuitika." Maneno hayo yakawa yanamtoka kama chafya.

"Siku hizi unaita kama unafukuza kuku," karani alimtania.

"Kuku angalau wanakimbia," alisema Tarumbeta. "Hawa wangu hata hawapo."

Wakacheka. Kicheko kilikuwa kitu pekee ambacho hakikuhitaji kibali.

Sasa, Tarumbeta alikuwa na dada yake mkubwa. Mama yao alipofariki, dada huyo alikuwa bado msichana, akaacha shule akafua nguo za watu ili mdogo wake aende na daftari. Usiku mtoto yule akishtuka usingizini na kuita, dada aliitika kabla jina halijaisha. Mtoto hakuwahi kumwita mara mbili.

Dada alikua, akaolewa, akajenga na mumewe nyumba ya vyumba vichache, tofali moja moja kama meno ya mtoto. Mume alipokufa, shemeji zake wakakumbuka ghafla kwamba kiwanja kilikuwa cha ukoo. Wakaja na maneno matamu, kisha na maneno makali, kisha na wakili. Dada akawatangulia mahakamani, akapata amri: asitolewe ndani mpaka shauri lisikilizwe. Karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa komeo la mlango wake. Shauri likifutwa, komeo linaanguka.

Jioni moja kabla ya siku yake, alimpigia mdogo wake.

"Wameniambia nitokee kwenye simu. Mimi nitokee wapi, na simu yangu hii ina tochi tu?"

"Basi njoo mwenyewe, dada. Inaruhusiwa. Onyesha ule wito wako wa mahakama vizuizini."

"Nitakuja. Lakini uniite vizuri, wewe. Usiniite kama muuza samaki."

"Nitakuita mpaka marehemu baba aitike."

"Baba mwache alale," dada akasema. "Niite mimi."

Asubuhi hiyo hapakuwa na gari. Dada akafunga mtandio, akashika wito wake kama mtu aliyeshika mshumaa kwenye upepo, akatembea. Kizuizi cha kwanza wakamsimamisha wakausoma. Cha pili wakausoma tena, taratibu, maana na wao walikuwa na siku ndefu. Jua likapanda. Alipofika getini pa mahakama alikuwa anatiririka jasho, na askari wa getini akamwelekezea kibastola cha kupimia joto kwenye paji la uso. Kibastola kikalia.

"Mama, una homa."

"Homa gani, baba? Hili ni jua. Nimetembea."

"Najua, mama. Lakini mashine haijatembea." Hakuwa mtu mbaya. Akampeleka kwenye kivuli cha ukuta, akamtafutia ndoo ya kukalia. "Poa kidogo, nitakupima tena."

Dada akampigia mdogo wake. Simu ya Tarumbeta ilikuwa imezimwa, imelala kwenye droo ya karani. Kompyuta ilipiga mwangwi simu zikiwa karibu, na karani alikuwa hataki mchezo. Dada akaiweka simu mfukoni. Hakuhangaika. Ndugu yake si yumo ndani? Ataita.

Ndani, shauri lilifika. Wakili wa shemeji akakohoa kwenye kisanduku chake, akasogeza uso karibu mpaka pua ikajaa kioo.

"Mheshimiwa, mdai haonekani mtandaoni wala chumbani. Naomba shauri lifutwe."

"Aitwe," alisema hakimu.

Tarumbeta akatoka. Akatazama benchi la ukumbini, lenye alama za rangi za kuonyesha watu wakae wapi. Tupu. Moyo ukawaka. Dada yangu huyu! Nimemwambia awahi, atakuwa anaaga majirani, mlango kwa mlango, kama anakwenda kuhiji. Akasimama kwenye ngazi, akashusha barakoa, na safari hii akaita kwa sauti ya zamani: jina lake, jina la baba yao, jina la babu yao. Uwanja ukajaa ukoo mzima.

Akasubiri kiasi cha kumeza mate. Lakini mguu ulikuwa na miezi ya mazoea, ulishageuka wenyewe. Mwito wa pili ukatokea mlangoni. Wa tatu ukaangukia sakafu ya ukumbi. Na nyuma yake, kule getini, akasikia kitu: sauti ya mwanamke, hafifu, imefungwa kwenye kitambaa. Kulikuwa na siku gani ambayo askari yule hakubishana na mtu getini? Alikuwa ameshafika mbele ya kioo.

"Ameitwa mara tatu, mheshimiwa," mdomo ukasema. "Hakuitika."

Karani akainua macho, mara moja tu. Akaandika.

"Shauri limefutwa kwa mdai kutofika," alisema hakimu. "Amri ya zuio inakoma leo." Hapo mtandao ukasuasua, picha yake ikaganda mdomo wazi. Maneno yalikuwa yameshapita.

Wakati wa mapumziko Tarumbeta akaenda getini kupunga upepo. Dada yake alikuwa ameketi juu ya ndoo, magoti pamoja, wito juu ya magoti. Alipomwona akainuka, akatabasamu. Barakoa ilificha mdomo, lakini macho yalitosha.

"Nimepoa," akasema. "Askari amenipima tena, sina kitu. Twende?"

Tarumbeta akapandisha barakoa yake.

"Mbona umekawia kunichukua? Umeita, nimeitika. Nikasema sasa anakuja."

"Umeitika?"

"Swali gani hilo? Mara zote tatu."

"Kweli, mzee," askari akadakia. "Mara ya tatu mpaka mimi nilishtuka. Nikasema huyu mama na yule Tarumbeta, ama kweli ni tumbo moja."

Tarumbeta akaanza kueleza. Alieleza kuhusu barakoa, kuhusu ukuta, kuhusu uwanja kuwa mtupu miezi yote hiyo. Mtu aliyeweza kuamsha mtaa mzima sasa alisikika kwa shida na watu wawili.

Dada alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaukunja wito, mara mbili, akauingiza kifuani.

"Kwa hiyo sikufika," akasema.

"Dada, nitalirekebisha. Hakimu anarudi sasa hivi."

Na hakimu alirudi kweli. Tarumbeta alikuwa amemnong'oneza karani kila kitu. Mashauri ya mchana yakaisha. Hakimu akavua miwani, uso wake ukajaa kioo, akauliza kama anavyouliza kila siku:

"Kuna jambo lingine?"

Karani akamtazama Tarumbeta. Neno lilikuwepo. Lilikuwa kooni, mahali ambapo riziki yake ilikaa. Lakini nyuma yake likaja jingine: ukisema aliitika, wewe ulisema nini asubuhi? Na kabla ya hapo, je? Wangapi uliwaita ukiwa umegeuka? Mashauri yote yale yaliyofutwa, nani atakuja kuyauliza? Alikuwa amebakiza mwaka huo tu astaafu, na kule juu walikuwa wakitafuta watu wa kupunguza. Mwita watu, mahali ambapo watu hawaji, angeanza yeye.

Akatazama viatu vyake.

"Hakuna, mheshimiwa," alisema karani. Kioo kikawa cheusi.

Walipokuwa wakifunga madirisha karani akamwambia, bila utani hata chembe, "Bado anaweza kuomba shauri lirudishwe. Ana mwezi mmoja. Anahitaji hati ya kiapo ya mtu aliyesikia kwamba aliitika."

"Askari si alisikia?"

"Askari ndiye aliyemzuia. Waraka wa ugonjwa unasema mwenye joto awekwe chumba cha pembeni, asirudishwe nje. Akiapa, anajifukuzisha kazi. Nimeshamuuliza, ameanza kuumwa tumbo." Akagonga komeo la dirisha kwa kiganja. "Umebaki wewe. Ukiapa aliitika, unaapa pia kwamba uliidanganya mahakama. Sikuambii ufanye nini. Yule si dada yangu."

Tarumbeta akasema ataapa kesho. Na kesho yake akasema kesho. Alikuwa na sababu nzuri kila siku; sababu hazikuwa na amri ya kubaki nyumbani, zilimjia kwa makundi. Dada hakumuuliza. Hilo ndilo lililomkera zaidi: hakumuuliza.

Shemeji walikuja asubuhi moja na gari dogo la mizigo. Vizuizi vile vile vilivyousoma wito wa dada mara mbili mbili vililifungulia gari lile bila kusimamisha, maana lilikuwa na kibali kimebandikwa kiooni: usafirishaji wa lazima. Wakatoa kitanda, kabati lililokosa mlango mmoja, sufuria, picha ya harusi. Walivaa barakoa wote. Mmoja hata alimkumbusha dada asisogee karibu.

Akaja kukaa kwa mdogo wake, chumba cha mbele, kitanda chake na cha watoto vikitenganishwa na pazia. Mke wa Tarumbeta alimpokea vizuri. "Wifi, hapa ni kwako," akasema, na alimaanisha. Dada akafua, akapika, akasuka nywele za wasichana, akawafundisha kuhesabu. Alikuwa mchangamfu kuliko alivyokuwa kwake. Ule mwezi ukaisha siku ya mvua, na hakuna aliyeutaja.

Jioni hiyo chakula kilikuwa tayari. Mke akamwambia Tarumbeta, "Mwite wifi, yuko nyuma ya pazia."

Tarumbeta akasogea mlangoni mwa chumba. Siku hizi nyumbani alizungumza chini chini, kama mwenye mafua.

"Dada."

"Nipo!" ikatoka nyuma ya pazia, kali, iliyonyooka, sauti ambayo mtaa wake wa zamani haukujua kwamba mama yule anayo. Kisha, kabla hajafumbua mdomo tena: "Nipo!" Na ya tatu, ndefu, ikavuka dirisha, ikavuka njia, majirani wakachungulia: "Nipooo!"

Watoto wakaanguka kwa kicheko. Kwao huo ulikuwa mchezo wa shangazi, na ulikuwa umeanza tangu alipohamia. Kila akiitwa na baba, mara tatu, hata kama baba ameita mara moja. Wenyewe walishaanza kumwigiza.

Dada akatoka akijifunga mtandio, akaketi mezani, akamkaribisha mwenye nyumba kwa mkono.

"Njoo ule, mdogo wangu. Chakula kinapoa."

"Nakuja," alisema Tarumbeta. Akaenda kwenye ndoo ya mlangoni, akachukua sabuni, akanawa mikono. Akanawa kwa muda mrefu, mbele na nyuma na katikati ya vidole, kama tangazo lilivyoagiza.