Uzito wa Mama Mkwe

Mlango wa bafu ulisukumwa kwa bega, na aliyeingia hakuwa binti yangu. Alikuwa mumewe. Mkwe wangu! Nami niko sakafuni, magoti yamegoma, taulo limenisitiri nusu.

"Toka, baba," nilimwambia. "Mwite mwenzio."

"Yuko kazini, Mama."

Akafumba macho, akanishika kwapani, akaninyanyua. Ee Mola wangu! Hata leo nikikumbuka, uso unaniwaka.

Si kwamba sikuonywa. Pale kliniki ya sukari, dada wa mazoezi alitukalisha wazee vitini, akatuamuru tusimame na kuketi bila kushika kitu. "Na mle mayai, maharage, samaki," alisema. "Misuli haijengwi kwa mazoezi matupu."

Mazoezi niliyafanya, tena kwa bidii, hadi majirani wakanitania kwamba natafuta mchumba. Chakula ndicho kilichonishinda. Nimelea watoto kwa kuwasukumia kipande changu cha nyama, na mkono ukizoea umezoea. Mjukuu wangu, tuliyemwita Kasuku kwa domo lake, akikaa ubavuni pangu tu, yai langu lishahamia sahani yake kabla mama yake hajageuka. Tena nikajidanganya kwamba kwa mwenye sukari, kula kidogo ndiyo dawa. Basi nikawa nainuka na kuketi, nainuka na kuketi, huku magauni yakinipwaya na mapaja yakiisha.

Kesho yake sikutoka chumbani. Nilifunga mzigo wangu nihamie kwa dada yangu. Nyumba ile ya binti yangu naipenda, na Kasuku ndiye pumzi yangu, lakini ningetazamana vipi na mkwe aliyeniokota bafuni? Bora niondoke na heshima kidogo iliyobaki.

Mlango ukagongwa. Alikuwa yeye, ambaye tangu aoe hakuwahi kukanyaga kizingiti changu. Alishika sahani ya maharage na mayai mawili, macho chini.

"Mama, nisamehe kwa jana. Sikuona kitu, haki ya Mungu."

Nikauvuta mzigo wangu karibu.

"Ila nilijikaza kuinua uzito wa mtu mzima," akasema, "nikayumba, nusura nianguke nyuma. Huna uzito, Mama. Huna kabisa."

Akaweka sahani kitandani, kando ya mzigo wangu. Hakuuliza kitu. Akatoka, akaketi kwenye ujia, mgongo kwangu.

"Kasuku yuko kwa jirani," alisema akiutazama ukuta. "Nitakaa hapa mpaka umalize."

Sikuwahi kula mbele ya mkwe. Niliona haya. Nikamega yai, nikatia mdomoni, na kila nikitafuna naona nyumba nzima inasikia. Nikasita.

Hapo akaanza kukohoa. Kikohozi cha uongo, mtoto wa watu, hata hakijui. Akakohoa na kukohoa, bila kugeuka, ili nipate kutafuna.