Maziwa ya Watu

Hafsa alikuwa na swali moja tu, ampe mtoto dawa mpya au asimpe, na kila aliyemuuliza alimrudishia mawili. Mwanawe Saad, ambaye hata meno hajaota, alikuwa akiharisha mpaka macho yamezama, na dawa waliyompa iliharibikia tumboni kabla ya kufika kwenye utumbo unaougua. Sasa Daktari Cecilia alikuwa na dawa nyingine, ya majaribio.

"Kwenye maziwa ya mama kuna vifuko vidogo mno, havionekani kwa macho," alieleza. "Tumbo haliviharibu. Tunavitoa, tunatia dawa ndani, navyo vinaifikisha. Ni kama kufunga pesa kwenye pindo la kanga."

Bi Kudra, mama mkwe wa Hafsa, akadakia. "Kanga ya nani?"

"Ya akina mama waliojifungua hapa hapa Kilwa. Maziwa yao tumeyachanganya, na majina hatuyatoi."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Daktari, mtu wa bara na Mkristo wa watu, hakuelewa kwa nini wanawake wale wamemtolea macho. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto aliyenyonyeshwa na mwanamke ni mwanawe, na watoto wa mwanamke huyo ni ndugu zake. Haoi kwao mpaka kufa. Saad akikua, akampenda binti wa kijiji cha Miteja, nani ataapa kwamba si dada yake?

"Lakini haya si maziwa," alisema daktari. "Ni vifuko tu."

"Vimetoka wapi?" aliuliza Bi Kudra.

"Kwenye maziwa."

"Ehe!"

Bashiru, baba wa mtoto, alikuwa Somanga na samaki wake. Alisema kwa simu wamsikilize maalim, akakata. Maalim Twalib naye, alipopigiwa simu, aliuliza kama mtoto atanyweshwa mpaka ashibe. Hapana, ni matone. Je, vifuko hivyo ni maziwa au si maziwa? Hafsa akamtazama daktari, daktari akatazama dari.

"Mwanangu, maziwa nayajua," alisema maalim hatimaye. "Vifuko sivijui. Ngoja niwaulize wakubwa zangu, inshallah nitakupigia."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lenyewe lilikuwa hili hapa mapajani. Kichwa cha Hafsa kilikuwa kimevurugika hata asijue ashike la nani. Alimfinya mtoto ngozi ya tumbo, ikabaki imekunjamana. Saad alikunja uso kulia, lakini machozi hayakutoka. Hafsa aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Mpe," alimwambia daktari.

"Na mke?" alimaka Bi Kudra. "Ataoa wapi huyu?"

"Kwanza aishi, mama. Ndipo akose mke."

Bi Kudra aliyatazama matone yakiingia kinywani mwa mjukuu wake, kisha akawatazama akina mama waliojaa wodini na vichanga vyao, asijue ni yupi kati yao aliyetoa maziwa. Mwisho alinyanyua chupa ya chai aliyomletea Hafsa, akapita kitanda kwa kitanda akimimina.

"Kunyweni," alisema kwa hasira. "Mmeshakuwa wa kwetu."