Kunyonya Baada ya Mshono

Mtoto, aliyezaliwa na mdomo wa juu uliopasuka, alikuwa ameshonwa jana yake. Tangu azaliwe alinyweshwa maziwa kwa kijiko, na sasa muuguzi alitaka anyonye.

"Nyuzi zikikatika je, dada?" mama yake aliuliza.

"Hazikatiki kwa kunyonya. Mpakate hivi, mshono usiguswe."

Mama alimsogezea ziwa, akafumba macho kwa hofu na kuanza kuomba. Alimwombea mtoto, akamwombea daktari, akaendelea na wagonjwa wa wodi nzima.

Mama mkwe wake, aliyeketi kando ya kitanda, alimgusa bega. "We mwanangu, utamaliza lini? Mwenzio ameanza kula zamani!"

Alifumbua macho. Shavu dogo lilikuwa likicheza, na kidevu kilikuwa kikavu, bila tone la maziwa lililovuja. Akasema amina kwa kunong'ona, asije akamshtua.