Presha ya Sufyan

Mtaa mzima pale Mtopanga ulijua kwamba Sufyan, mwenye duka la kofia na kanzu, ana presha. Duka lisipofunguliwa, watu walisema presha imempanda. Alipoanguka katika harusi ya binamuye akaangukia sinia la biriani, ilikuwa presha. Aliyewaambia hayo ni mkewe, Salme, na kwa kuwa Salme hakujulikana kwa uongo, uongo wake huu ulipokewa bila kuulizwa.

Kweli yenyewe ni kwamba Sufyan alikuwa akinywa. Mwanzo alinywa kwa kujificha, huko Changamwe alikokwenda kufuata mizigo ya duka, na akirudi hutafuna karafuu. Halafu karafuu zikashindwa kazi. Ikawa Salme ndiye wa kumvua viatu, ndiye wa kumfuta matapishi, na kukipambazuka ndiye wa kumpigia simu mavyaa yake.

"Shikamoo, mama. Mwanao kaamka hajiwezi leo."

"Marahaba, mwanangu. Presha tena? Maskini, mkandekande miguu," Bi Salha humjibu mkwewe, na adhuhuri humtumia kitunguu thaumu kilichopondwa na asali.

Walikuwa na mtoto mmoja, Fairuz, binti wa miaka kumi na sita. Alikuwa mpole, mkimya, mtu wa vitabu vyake. Salme alimshukuru Mungu kwa jambo moja: mtoto hajui kitu.

Siku moja Salme akashikwa na kizunguzungu sokoni. Akaenda zahanati, muuguzi akampima, akaangalia kile chombo, akampima tena. "Mama, presha yako iko juu sana. Nyumbani kuna nini?" Salme akafungua kinywa aseme hakuna, kilio kikamtoka. Muuguzi yule ndiye aliyemwelekeza Bombolulu, kwenye ukumbi mmoja ambapo kila Jumamosi baada ya alasiri hukutana jamaa za watu walioshikwa na pombe.

Alikwenda amevaa ninja, yeye ambaye maisha yake hakupata kufunika uso. Wengi aliowakuta walikuwa watu wa bara, na hilo lilimpunguzia hofu, maana hakuna aliyeujua ukoo wake. Mwenye kuongoza kikao alikuwa Agneta, mjane kutoka Chaani, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini.

"Mume wangu Dancun alikuwa bandarini," Agneta alisimulia siku hiyo. "Asipoamka, mimi napiga simu kazini, nasema ana malaria. Miaka na miaka, malaria. Siku tulipomzika, mwenzake mmoja akaniuliza ni malaria gani hiyo isiyosikia dawa. Niliifichia ile pombe mpaka ikamaliza kazi yake."

Salme alihisi kana kwamba amevuliwa nguo mbele ya watu. Hata hivyo Jumamosi iliyofuata alirudi. Akawa mtu wa kwenda, akikaa karibu na mlango, akisikiliza bila ya kusema lake. Nyumbani alisema anakwenda kwenye darsa.

Vijana nao walikuwa na kikao chao ukumbini humo humo, siku za Jumapili. Agneta alipata kumwuliza kama ana mtoto wa umri huo. "Ninaye," Salme alijibu, "lakini wangu hajui lolote." Agneta alimtazama kwa huruma.

Basi ikatokea wiki moja ukumbi ukahitajiwa Jumapili kwa chanjo ya watoto, na vikao vyote viwili vikawekwa Jumamosi. Wazee ndani, vijana barazani. Salme alipofika, vijana walikuwa wamekwisha kukaa. Msichana mmoja aliyempa mgongo alikuwa akizungumza.

"Mimi humuogopa zaidi mama kuliko baba," alisema. "Baba nimeshamjua. Mama akinitazama, najilazimisha kucheka, asije akajua kwamba najua."

Salme alisimama kama aliyepigwa msumari. Wenziwe walipomtazama mgeni yule mlangoni, msichana naye akageuka. Alimwangalia kuanzia kichwani, macho yakaishia miguuni, kwenye viatu anavyovijua.

"Mama?"

"Abee," Salme aliitikia, kama kwamba yeye ndiye mtoto.

Hawakuingia kikaoni siku hiyo. Agneta aliwapa chumba cha nyuma kilichowekwa viti vibovu, akawafungia mlango.

"Tangu lini, Fairuz?"

"Tangu darasa la sita. Nilikuwa naamka alfajiri naziloweka kanzu zake, zisikunukie ukizifua."

Salme akakaa kitako sakafuni. Kanzu zile yeye alikuwa akizikuta ndooni zimelowa, akadhani Sufyan mwenyewe, kwa kuona haya, ndiye aliyeziloweka. Miaka yote hiyo alikuwa akijiambia: maadamu anaona haya, atarudi.

"Si yeye?" aliuliza.

"Si yeye, mama."

Walilia, kila mmoja kimyakimya, kwa ile desturi waliyokuwa wamejifunza nyumbani.

Siku ya Jumatatu duka halikufunguliwa. Barakat, kakake Sufyan, alikuja kumjulia hali. Salme alimkaribisha kwa kahawa, akasikia ulimi wake ukijipinda kwenda kulekule ulikozoea. Fairuz alikuwa amesimama mlangoni na sare zake za shule.

"Shemeji," Salme alisema, "ndugu yako hana presha. Yualewa. Yumo chumbani, ingia umwone."

Barakat aliingia. Alipotoka alikuwa amefunika pua kwa kilemba chake, na machozi yamemlengalenga. Kufika magharibi Bi Salha alikuwa ameshapiga simu, na safari hii hakuitikia shikamoo.

"Mke ni sitara, Salme. Umemvua mwanangu nguo."

Sufyan alikaa siku kadhaa bila ya kunywa. Alioga, akanyoa ndevu, akaswali jamaa msikitini, na Salme akaanza kutumaini. Siku ya Ijumaa alirudi kutoka msikitini akamkuta mkewe anachambua mchele.

"Umeniaibisha mbele ya ndugu zangu," alimwambia kwa utulivu. "Nimekupa talaka yako moja."

Nyumba ile ilikuwa ya urithi wa Salme, kwa hivyo aliyefunga mizigo ni Sufyan. Alikwenda kwa Barakat. Salme alibaki na sinia la mchele mapajani, akiendelea kutoa chuya, maana mikono haikuwa na jingine la kufanya.

Akakaa eda. Talaka ilikuwa ya rejea. Kabla ya eda kwisha, neno moja tu la Sufyan lingemrudisha. Agneta alikuja kumtembelea hadi Mtopanga, na mkoba wa machungwa. Salme akamwuliza kwa uchungu, "Hii kweli mliyonifundisha, imenipa nini?" Agneta alimenya chungwa, akalimaliza kulimenya, ndipo akasema, "Sijui, dada. Mimi nilifanya kinyume chako, na leo ni mjane."

Eda ilipokaribia kwisha, Sufyan alikuja. Ilikuwa saa ya alasiri. Alikaa kwenye baraza ya ndani, macho mekundu, mikono ikitetemeka, na harufu ikafika kabla ya salamu.

"Nimekuja kukurejea, mke wangu. Neno moja tu, nalisema sasa hivi."

Salme alimtaka. Tusimsingizie mwanamke huyu kwamba alikuwa na moyo wa jiwe. Alimtaka kwa ule upweke wa kulala kitanda kikubwa peke yake.

"Baba Fairuz," alisema, "uliponiacha ulikuwa na akili zako. Nirejee nazo pia. Njoo kesho asubuhi hujanywa, ulitamke, na Jumamosi twende sote Bombolulu."

Sufyan aliitazama mikono yake. "Kesho, inshallah," akasema.

Asubuhi Salme alikaanga mahamri, akapika mbaazi za nazi. Fairuz akaandika vikombe vitatu mezani. Chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Adhuhuri Fairuz akakiondoa kikombe kimoja bila ya kuambiwa.

Eda ikaisha. Bi Salha hakumsamehe mkwewe. Duka likachukuliwa na Barakat, na Sufyan akabaki katika chumba cha uani kwa kakake, siku nyingine yu mzima, siku nyingi si mzima. Kila Ijumaa Fairuz humpelekea chakula. Salme hamkatazi, wala haendi naye.

Ijumaa moja, mwaka uliofuata, Fairuz alirudi mapema.

"Umemkuta vipi?" Salme aliuliza.

"Yu macho leo. Kafurahi kuniona. Akaniuliza kama nimefaulu mtihani wa kuingia sekondari."

"Ukamjibuje?"

Fairuz, aliyebakiwa na miezi michache amalize kidato cha nne, alivua viatu vyake, akavipanga ukutani.

"Nikamwambia nimefaulu, baba."