Zabibu za Gus

Jamani, mwenzenu leo nimeumbuka! Mbele ya Mama, mbele ya dada, mbele ya shemeji. Mashavu bado yanawaka, lakini nisipowaambia nitapasuka.

Mnamjua Gus? Ni chinchila wa dada yangu Solveig: kimnyama cha kupakatwa, masikio mapana, mkia kama wa kindi, na manyoya laini mpaka unajiuliza kama umekigusa au bado. Dada anaye tangu sekondari. Alipoolewa na Lowell wakahamia Duluth, mji wa baridi kali huku Marekani, Gus naye akahama. Mimi nilipomaliza chuo nikaja kukaa kwao, eti natafuta kazi.

Sasa, tangu majani yaanze kupukutika, Gus kabadilika. Anatafuna vyuma vya tundu lake pale sebuleni, kra-kra-kra, mpaka unahisi meno yako ndiyo yanayosagika. Kisha akageukia watu. Wiki iliyopita dada alikuwa anamwekea maji, Gus akamng'ata kidole, damu ikatoka. Na dada mimba yake imeshakuwa kubwa. Mama alipoiona ile plasta akasema, "Na kitoto kikija, na vidole vyake vile?" Shauri likakatwa: kesho Jumatatu Gus apelekwe kwenye makazi ya wanyama wasio na wenyewe.

Dada alilia. Mimi nikakumbuka kwamba ni msomi. Saikolojia, jamani, nina shahada! Nikawatangazia kwamba mnyama habadiliki hivi hivi. Kuna mtu anamchokoza. Nikamkazia macho Lowell.

"Mimi?" shemeji akashangaa. "Mimi huyo panya wenu hata simwangalii!"

"Unamgongea tundu ukipita, shemeji. Nakusikia kila siku."

"Nakung'uta theluji kwenye viatu, we binti!"

"Tutaona."

Nikachukua kamera waliyomnunulia mtoto atakayezaliwa, nikaielekeza kwenye tundu. Ikarekodi wiki nzima. Leo baada ya kanisa, Mama, anayekaa mtaa huu huu, kaja na bakuli lake la nyama na viazi vya oveni, wote mezani, mimi nikaiunganisha kwenye televisheni. Sikuitazama kwanza. Ya nini, wakati mkosaji nilishampata?

Tukamwona Gus kalala. Lowell akapita, hata hakugeuka. Akapita tena na kapu la nguo, akipiga miayo. Kisha akaingia msichana mmoja kavaa ndala zangu. Gus akaamka, akarukia vyuma, kra-kra-kra!

"Nini, kipenzi cha mama mdogo?" yule msichana akasema, kwa sauti yangu. "Haya basi, nyamaza, shika." Zabibu kavu ikapita kwenye vyuma, pamoja na ncha ya kidole. Gus akala. Msichana akageuka aondoke. Kra-kra! Akarudi na zabibu nyingine. Na nyingine. Mwisho akawa anamwimbia.

Lowell akatafuna kiazi taratibu kabisa.

"Britta," akaniita, "huko chuoni, ile habari ya mbwa aliyefundishwa kudondosha mate akisikia kengele mliifikia?"

"Tuliifikia," nikasema, sauti kama ya mbu. "Nilipata alama ya juu."

"Nimeona. Umemfundisha vizuri."

Mama alicheka mpaka akashika meza. Dada naye alianza kucheka, akaacha ghafla. "Ngoja. Mbona tundu tupu? Vijiti vyake vya mtufaha viko wapi?"

Natamani ningesema sijui. "Nilivitoa. Vilikuwa vinamwaga vipande kwenye mkeka wangu wa mazoezi."

"Britta! Meno ya chinchila yanakua mpaka siku anakufa! Bila kijiti atafune nini?"

"Vyuma," nikajibu.

Ndiyo hivyo. Nilimnyima kijiti, akatafuna chuma. Akitafuna chuma nikamlipa zabibu. Akajua kidole chochote kikipita pale ni zabibu, cha dada nacho akakidaka. Na nilikuwa tayari Lowell aubebe msalaba huo, tena siku ya Jumapili.

"Shemeji, nisamehe," nikasema, macho kwenye sahani.

"Nitafikiria. Kwanza nenda kwa Mama, ukwee mtufaha wake ukate vijiti."

"Sasa hivi? Kuna theluji!"

"Matawi membamba," Mama akadakia, "na uniachie ya kuzaa. Jumatatu Gus haendi popote. Akipelekwa mtu, atakuwa yule wa kwenye televisheni."

Nikapanda na gauni la kanisani, jirani akinipungia mkono dirishani. Nikarudi na fungu la vijiti. Dada akavisugua vijiti, akavikausha kwenye oveni, akavipanga tunduni pamoja na nyasi kavu. Gus akanusa kimoja, akakiruka, akaja upande nilioketi mimi. Kra-kra-kra! Kwa nguvu kuliko siku zote.

Hilo nalo nililisoma: ukiacha kumlipa, huzidisha kwanza kabla ya kuchoka. Nikakalia mikono yangu. Gus ananitazama, familia nzima inanitazama.

"Na zabibu za mfukoni," Lowell akasema.

Nikatoa kiboksi changu cha zabibu, nikamkabidhi. Shemeji akaegemea kochi, akazila zabibu moja moja, bila haraka, na mimi na Gus tukabaki tunamtazama mdomo.