Fidla Iliyochacha

Netta Farquhar alikuwa amekwisha kuamua: hili ndilo tamasha lake la mwisho. Miaka arobaini na mmoja alikuwa amepiga fidla katika kikundi cha muziki cha kijiji cha Tarnoch, kwenye kiti kile kile karibu na dirisha, kushoto kwa mumewe Dod na kodiani yake. Lakini kwa miaka miwili sasa kila alichopiga kilikuwa kimechacha. Alikwenda kupimwa masikio, akaambiwa ni mazima kwa umri wake. Dod akaibeba fidla mwenyewe kwa fundi wa mjini, akarudi jioni akasema fundi hakuona kasoro. Masikio mazima, fidla nzima, kibovu ni kipi? Netta akajijibu kwamba ni mikono yake. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, naye hakutaka kuwa mbaazi. Alilia wiki nzima, kisha akamwarifu mwenyekiti, Erchie Ogilvie, kwamba baada ya Jumamosi anaacha. Erchie, ambaye hajawahi kuficha jambo likafichika, alinunua maua akayaweka jikoni mwa ukumbi kwenye ndoo, na kila aliyekwenda kuchota maji ya chai aliyaona.

Nusu ya kwanza ilikwenda kama alivyotarajia. Upinde wake ulizigusa nyuzi kwa woga, kama mtu anayempita mbwa aliyelala. Dod alikuwa akiivuta kodiani kwa nguvu, kama kawaida yake ya siku hizi, sauti ya mkewe ifunikwe isisikike. Netta alihesabu hayo kuwa ni mapenzi.

Wakati wa mapumziko ilikuwa zamu yake kumimina chai na kugawa skonzi. Aliporudi chumba cha nyuma mbio mbio, alikuta meza waliyolaza fidla zao imejaa zawadi za bahati nasibu, pamoja na ile chumvi ya kuogea ambayo kila mwaka mtu huishinda na kila mwaka huirudisha. Fidla zilikuwa zimehamishiwa juu ya piano. Akaiona yenye kitambaa chake cha buluu cha kuwekea kidevu, akaichukua, akapanda jukwaani. Shingo ya fidla ilimjia nene kidogo mkononi. Siku hizi hakuuamini mkono wake, kwa hiyo hakuuliza.

Wakaanza. Sauti ikatoka safi, tamu, imenyooka. Netta alishtuka mpaka akaacha kupiga, halafu akajaribu tena kwa kunyatia, ikatoka tamu vile vile. Akamgeukia Dod. Dod alikuwa ametoa macho, na vidole vyake vimepotea njia.

"Unapiga nini wewe?" Dod alinong'ona.

"Hicho hicho mnachopiga wote."

"Mbona kinasikika hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Vizuri."

"Kumbe siku zote ni vibaya?"

Dod akainamisha kichwa nyuma ya kodiani yake. Netta alipiga nyimbo nne mfululizo asijue acheke au alie. Mikono yake imerudi siku ile ile aliyoiaga, na maua yako ndooni yanamsubiri. Je, kuna heshima gani mtu kuaga, watu wanunue maua, kisha aseme amepona?

Kisha akapanda Rhona Leiper, daktari wa mifugo, aliyekuwa bado jikoni akiosha vyombo, mwenye mkono wa uhakika kuliko wote kikundini, apige wimbo wa taratibu peke yake. Noti ya tatu tu, ikachacha. Rhona akakatiza, akakaza uzi, akaanza upya, ikachacha zaidi. Watu wakawa wanachungulia vikombe vyao vya chai. Netta alimtazama kwa hofu ya kweli. Alidhani ugonjwa umemtoka yeye umemrukia Rhona, na kwa namna fulani kosa ni lake.

Erchie alipoanza kusoma namba za bahati nasibu, Rhona akaja kuchuchumaa kando ya kiti cha Netta.

"Mama Netta, hii ni fidla yako. Umeshika yangu."

"Lakini kitambaa changu kilikuwa juu yake."

"Kitakuwa kilianguka walipokuwa wanahamisha vitu, mtu akakiweka kwenye yangu. Mimi nimekuta imebaki hii moja, na nishaitwa. Tuyaache hayo. Umepigaje kitu hiki miaka miwili? Mimi dakika tatu zimenitoa jasho."

"Ni mikono yangu, mwanangu."

"Mikono yako nimeisikia sasa hivi kwenye fidla yangu, na nimeona wivu." Rhona akatoa tochi ndogo anayochungulia nayo masikio ya ng'ombe, akamulika ndani ya tundu. "Ona. Kijiti cha ndani kinachobeba sauti kimeenda upande. Ubao ulipasuka, ukagandishwa kwa gundi ya njano, imejaa tele. Hii gundi ya viti hii. Fundi wako nani?"

Netta alichungulia. Gundi ile aliijua. Viti vinne vya jikoni kwake vinasimama kwa gundi ile ile. Akageuka polepole. Dod alikuwa ameikumbatia kodiani kifuani.

"Dod. Uliifikisha kwa fundi?"

"Nilifika mpaka mlangoni."

"Halafu?"

"Nikaona haya. Ni fidla ya baba yako, Netta. Niliiangusha nikisogeza kabati, nikaiziba mwenyewe kabla hujarudi. Halafu ukaanza kusema ni masikio, nikakosa pa kuanzia."

"Kwenye kupimwa masikio ulinipeleka wewe. Ukanisubiri nje."

"Nilikusubiri, ndiyo."

Hasira ilimpanda Netta, na ndani ya hasira kulikuwa na furaha tupu, asijue ashike ipi. Hakupewa muda wa kuchagua. Erchie alikuwa mbele yake na maua yanayodondosha maji, akisoma karatasi kwamba Netta, baada ya miaka arobaini na mmoja, ameamua kupumzika.

"Ahsanteni kwa maua," Netta alisema. "Jumanne nipo mazoezini kama kawaida."

Wachache wakapiga makofi, wengine wakatazamana. Erchie akaigeuza karatasi, pengine jibu liko nyuma.

"Kwa hiyo huondoki?"

"Niondoke niende wapi?"

Ukabaki wimbo wa kufunga. Rhona akamnyooshea fidla yake nzuri amalizie nayo.

"Hapana, mwanangu. Nipe hiyo hiyo ya kwangu."

Netta akayalaza maua juu ya kodiani, katikati ya mikono ya Dod, mahali ambapo hawezi kuyaondoa bila kuacha kupiga. Akasogeza kiti mpaka fidla ikawa karibu na sikio la mumewe. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, akaukandamiza upinde bila woga. Sauti ikatoka imechacha kabisa. Mstari wa mbele walikunja nyuso, na mama mmoja akamwambia mwenzake kwamba maskini Netta angeaga tu. Netta alimsikia. Alisikia na kila noti mbovu, moja moja, mahali pake hasa.

Dod akaanza kuivuta kodiani kwa nguvu, amfunike kama siku zote.

"Thubutu," alisema Netta.

Dod akashusha sauti, na ukumbi mzima ukamsikia mkewe.